Mshenga wa Sentensi ya Korosho

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa maneno mawili tu, na mtu mwenye kazi zake akiusikia atasema watu hawa hawana haya. Kwenye kamusi elezo ya mtandaoni, ile inayoandikwa na watu wa kujitolea, kuna ukurasa unaoitwa Tanzania. Sehemu ya uchumi palikuwa na sentensi: "Korosho hulimwa hasa katika mikoa ya Mtwara na Lindi." Basi, hiyo tu. Warda aliisoma asubuhi moja dukani kwake Kilwa Masoko, akisubiri mashine ya kopi ipate moto, na damu ikamchemka. Kwa nini Mtwara itangulie? Siku zote Mtwara, Mtwara! Ukimwambia mtu wa Dar kwamba unatoka Lindi, anakuuliza, "Aa, kule Mtwara?" Warda akabonyeza, akageuza: "Lindi na Mtwara." Mahali pa kueleza sababu akaandika: kwa mpangilio wa alfabeti.

Hajamaliza kutoa kopi za vyeti vya mteja wa kwanza, sentensi imeshageuzwa. Aliyeigeuza alijiita Mwana wa Newala, yaani mtu wa Mtwara, na sababu yake ilikuwa fupi: kwa mpangilio wa magunia.

Jamani! Mwambie Warda lolote, umwite mnene, umwite mchelewaji, lakini usimletee habari za magunia. Akageuza. Yule akageuza. Ikawa ndiyo chai yao ya asubuhi na uji wao wa jioni, watu wazima wawili wasiolipwa hata senti, mmoja Kilwa, mmoja Newala, wanavutana sentensi kama watoto wanaogombea kiti cha dirishani. Wateja wanapanga foleni, Warda anasema, "Subirini kidogo, kuna mjinga mmoja hapa." Siku moja uvumilivu ukamwishia kabisa, akamwandikia: "Wewe mtoto wa kangomba!" Sasa kangomba ni ule ununuzi wa magendo, mtu anampunja mkulima korosho zake kwa bakuli hata kabla ya mnada. Huku kusini ukimwita mtu hivyo umemtukania ukoo mzima, na bibi zake makaburini.

Hapo Msimamizi akaingia. Naye alikuwa mtu wa kujitolea, anaishi nchi za mbali, hakuna aliyejua wapi, na Kiswahili chake kilinyooka kama rula. Akaandika: "Ndugu Warda, hili ni onyo la mwisho. Ukigusa tena sentensi hiyo, au ukimwandikia tena Mwana wa Newala, akaunti yako itafungwa moja kwa moja."

Warda akakaa chini, akashika tama. Si kwamba alimwogopa Msimamizi. Alikuwa na jambo lake kwenye kamusi ile, nalo ni Likawage. Likawage ndiko alikozaliwa mama yake, ndani huko Kilwa, na mama yule alikwenda kaburini bila kuona jina la kijiji chake limeandikwa popote zaidi ya kwenye kadi ya kliniki. Warda ndiye aliyeuanzisha ukurasa wa Likawage, akaandika barabara, mashamba, kisima, mpaka ufuta. Aliupenda ukurasa ule kama mtoto. Na ulihitaji mlinzi, maana mwaka uliopita kuna mwehu mmoja, asijulikane nani, aliuingia akaihamishia Likawage Mkoa wa Mtwara! Akaunti ikifungwa, nani atakirudisha kijiji nyumbani?

Mjomba wake Fakihi akamkuta katika hali hiyo. Fakihi alikuwa muuza ng'onda, wale samaki wakavu, wa Kivinje, na kwa maneno yake mwenyewe, mshenga namba moja kutoka Kilwa hadi Rondo. Wengine walikuwa na maneno yao. Posa yake ya mwisho, huko Rondo, alitoa hotuba ndefu mpaka wali ukapoa na baba wa binti akasinzia, na alipozinduka akasema hapana kwa hasira ya usingizi tu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Nani kakununisha?"

Warda akamweleza yote. Fakihi akasikiliza, kofia magotini. "Kwa hiyo huruhusiwi kusema naye?"

"Siruhusiwi."

"Na kuna kitu chake unakitaka?"

"Naitaka sentensi!"

"Basi nini kinakuliza? Mwenye haja ambaye hawezi kwenda mwenyewe anatuma mshenga. Hii si kompyuta, mwanangu, hii ni posa. Nifungulie na mimi hiyo akaunti."

Wakaifungua, jina Mshenga wa Kilwa. Fakihi akavaa miwani, akatafuta herufi kwa kidole kimoja, na kwenye ukurasa wa majadiliano akaandika: "Hodi." Akavua miwani.

"Endelea, mjomba!"

"Niendelee vipi? Nimekaribishwa?"

Kesho yake likaja jibu la Mwana wa Newala: "Unataka nini?" Fakihi akalitazama kama samaki aliyelala mpaka akanuka. Akaandika, "Hodi wenyewe." Siku ikapita. Warda alikuwa anatafuna kucha, anasema mjomba unaniua. Mwishowe likaja neno lenyewe, "Karibu," na hapo Fakihi ndipo akafunguka: habari za nyumbani, habari za wazee, mvua imewatosha? Ubwiriunga umeipita mikorosho yenu mwaka huu, au imeota unga tena? Yule wa Newala naye, ajabu, akajibu kimoja kimoja, mpaka habari ya mkorosho ulioangushwa na upepo nyuma ya jiko lao.

Msimamizi akaingilia: "Tafadhali, ukurasa huu ni wa kujadili makala tu."

"Na huyu nani? Ndiye baba mtu?" Fakihi akauliza.

"Ndiye msimamizi wa mtandao, mjomba."

"Asubiri, wazee wanaongea." Na akamwandikia hivyo hivyo.

Basi Mwana wa Newala akasema jambo kama hili halizungumzwi na vijana, naye ana shangazi. Shangazi akatokea siku ya pili: "Karibuni. Mimi ni Valeria, shangazi yake Stephano. Hodi yenu tumeisikia, ila mlango wetu ni mzito."

Fakihi akajipiga paja. "Mwanamke huyu anaijua kazi! Anadai kifungua mlango!"

Na kifungua mlango chake hakikuwa pesa. Valeria alitaka Warda aandike ukurasa wa kijiji alichozaliwa yeye, huko juu Newala, uwe kama wa Likawage. "Ule tumeusoma," alisema, "hata kisima mmekitaja." Warda alipoliona neno hilo la kisima akalisoma tena. Hakujua kama kuna mtu aliyewahi kuusoma ukurasa ule mpaka mwisho. Akaanza kazi ile kwa kununa, akauliza huku na huku, akasoma namna akina mama wa kule juu walivyokuwa wakishuka mabondeni kutafuta maji na kupanda nayo kichwani, na alipofika hapo kununa kulikuwa kumeisha. Akaandika vizuri. Mpaka njia ya maji akaitaja.

Ikabaki faini ya kangomba, na hapo ndipo palipokuwa pagumu.

"Siombi msamaha," Warda akasema.

"Umewatukania watu bibi zao."

"Alianza yeye na magunia yake!"

"Magunia si tusi."

Warda akatazama dari. "Haya, mwandikie. Samahani, ila ajue kwamba hayo magunia yake..."

Fakihi akaandika mpaka "samahani", akaweka nukta, akatuma. Warda akapiga kelele mpaka mteja aliyekuwa mlangoni akarudi nyuma. Faini ikapokewa.

Sasa sentensi yenyewe. Fakihi, ambaye ana wake wawili, akapendekeza zamu: masika iandikwe Lindi na Mtwara, kiangazi Mtwara na Lindi, na hakuna wa kununa. Valeria akajibu, "Sisi huku Wakatoliki, hatuna zamu." Msimamizi akauliza ni nani hasa anayeolewa.

Jibu la shangazi likachelewa mpaka Fakihi akaanza kuikumbuka Rondo. Jibu lilipokuja lilikuwa hili: "Mmebisha hodi kwa adabu. Mlango mmeufungua, faini mmelipa. Sisi mgeni tunamtanguliza. Iandikwe Lindi na Mtwara, na Stephano ataandika kwa mkono wake." Na kweli, Stephano akaandika. Sababu: wageni kwanza.

Fakihi hakungoja hata kuvua miwani. Akatoka mbio kwenda kupanda gari la Kivinje, akawatangazie waliokuwa wakimcheka kwamba Lindi imetangulia, na aliyeitanguliza ni yeye.

Warda akabaki na sentensi yake. Lindi na Mtwara! Ilikuwa imekaa pale kama alivyoitaka, na hakuisikia tamu hata kidogo. Aliona aibu, aibu ya kumpanda mwilini. Yeye ndiye aliyetukana, halafu ndiye anayetangulizwa? Wale watu wamempa, na yeye apokee tu, mikono miwili, mdomo wazi? Onyo la Msimamizi alilikumbuka vizuri. Akajisemea, hii si kugombana, hii ni adabu, hata huyo Msimamizi anajua adabu. Akabonyeza: "Mtwara na Lindi." Sababu: hapana, wenyeji kwanza.

Haikupita muda. "Lindi na Mtwara," Stephano akaandika. Sababu: shangazi keshasema.

"Mtwara na Lindi." Sababu: mnaniaibisha.

"Lindi na Mtwara." Sababu: dada, pita tafadhali.

"Mtwara na Lindi." Sababu: sipiti mpaka mpite nyinyi!

Wakaenda hivyo, kila mmoja anamsukumia mwenzake mlangoni, Warda anacheka peke yake dukani, machozi yanamtoka, wateja wanatazamana. Ndipo Msimamizi akaamka huko alikolala. "Ugomvi wa kuhaririana umeanza upya. Mwana wa Newala amefungiwa wiki moja. Warda, aliyekwisha onywa, amefungiwa moja kwa moja. Sentensi imefungwa kama nilivyoikuta."

Na alivyoikuta ilikuwa Mtwara na Lindi.

Fakihi akarudi siku ya pili, kifua mbele, keshawatangazia Kivinje nzima mpaka wauza pweza. Akaitazama simu. Akaitazama tena. "Nani kaigeuza?"

"Mimi."

"Wewe nani?"

"Mimi, mjomba. Na nimefungiwa. Siwezi kugusa kitu tena, milele. Likawage haina mtu." Na Warda akalia, kilio cha kweli sasa, kwamba kijiji cha mama yake amekiachia upepo kwa ajili ya kuoneshana ustaarabu na mtu asiyemjua sura.

Fakihi akasogeza kiti karibu naye. Akachukua simu, akafungua ukurasa wa Likawage angalau auone. Mwehu alikuwa ameshapita. Usiku ule ule aliihamishia tena Likawage Mkoa wa Mtwara, na asubuhi kuna mtu alikuwa ameirudisha Lindi mahali pake. Jina la mrudishaji: Valeria. Sababu: "Mwenyewe hayupo, mimi ni jirani. Likawage ni ya Kilwa."

Na chini, kwenye ukurasa wa majadiliano ambao tangu uumbwe haukuwa na neno hata moja, palikuwa na neno moja la huyo huyo Valeria.

"Hodi."

Warda akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Mjomba, vaa miwani."

Fakihi akavaa, akaketi sawasawa, akanyoosha kidole chake kimoja. "Nimwambie nini?"

"Mwambie karibu. Mwambie mwenyewe yupo, ila mdomo wake ni wewe."

Akaandika hivyo hivyo, herufi moja moja, na kwa mara hii Warda hakumhimiza.