Ndizi Itarudi

Miaka ishirini na mitatu Dorothée alimcheka mumewe kwa sababu ya pipa moja, na leo angekitoa kicheko chote hicho ili apewe kikombe kimoja tu.

Casimir alikuwa fundi wa mitumbwi hapa Baraka, na kwa mbao hakuna aliyemtilia shaka. Kwenye pombe ndiko walikomwona ana kasoro kichwani. Kasiksi, kila mtu anajua, ni pombe ya ndizi ya siku tatu. Unaikamua, unaitia unga wa mtama uliokaangwa, unainywa ingali tamu, na ikianza kuuma ulimi unaimwaga mgombani. Casimir yeye aliijaza kwenye pipa la mbao nene lililowahi kubeba divai ya mapadri, akakaza pete zake za chuma kwa nyundo, akaiacha humo mwaka mzima. Kila alipochota alibakiza kidogo chini. Hayo masalio, alisema, ndiye mama wa pombe ijayo, na mama hafukuzwi nyumbani.

Wageni walionja kwa adabu, kisha wakatafuta mahali pa kutemea.

“Ngoja, mama Arlette,” Casimir alimwambia mkewe kila mwaka. “Usimeze mbio. Kwanza itakuya ndimu, nyuma mbao. Ngoja tu, ndizi itarudia.”

“Papa Arlette, hii imechacha. Mwanga!”

Alimaanisha aimwage. Nyumba nzima ilicheka, na binti yao Arlette ndiye aliyecheka kuliko wote. Mwaka jana Casimir alipata ndizi nzuri kutoka Kilembwe, akalijaza pipa, akamletea mkewe kikombe cha pombe ya zamani. Dorothée alikuwa anaanika ndagala, dagaa wa ziwani. Hata mkono hakufuta. “Imechacha, mwanga,” akasema, na Casimir akainywa mwenyewe. Wiki hiyohiyo homa ikamkamata, siku ya nne wakamzika. Ulimi hauna mfupa, lakini unajua pa kuvunja.

Baada ya mazishi Dorothée alilizunguka lile pipa miezi mitano bila kuligusa. Jumapili moja akitoka misa akalifungua, akachota nusu kikombe, akanywa. Taya zikamkaza, machozi yakamtoka, akatema. Jumapili iliyofuata akarudi tena. Sijui mwanamke mwingine aliyejifunza kumsikiliza mumewe kwa njia ngumu kama hiyo, tena amechelewa. Alijifunza kuishika pombe mdomoni bila kumeza, kupumua kwa pua, kuuacha ukali upite kwanza. Ndimu aliikuta mapema. Mbao ilimchukua wiki kadhaa, harufu ileile iliyokuwa kwenye mashati ya Casimir akitoka kazini.

Ndizi ikaja mwezi wa nane tangu mazishi. Ilitokea nyuma ya koo wakati alikwisha kumeza, ndizi iliyoiva mpaka ikawa nyeusi, pole pole, ikakaa. Dorothée aligeukia kigoda kitupu cha Casimir.

“Papa Arlette, imerudia,” akasema, kisha akalia mpaka akachoka.

Siku hiyo akaliziba pipa na kuamua. Siku ya kutoa matanga, mwaka wa kifo ukitimia, ndipo litafunguliwa. Kwa desturi mwenye nyumba huonja kwanza, wageni waone kwamba pombe haina sumu. Basi angeonja mbele ya wote waliowahi kucheka, aingoje ndizi, halafu aseme kwa sauti kwamba Casimir alikuwa sahihi na mkewe ndiye aliyekosa. Hakumwambia mtu. Alitaka Casimir awe wa kwanza kuyasikia.

Siku yenyewe aliamka alfajiri, akaenda kupalilia kaburi. Arlette, aliyefika jana yake kutoka Uvira, alibaki kutayarisha nyumba. Dorothée aliporudi saa sita alikuta uani povu jeupe linatiririka mpaka kwenye migomba, na pipa limesimama juani linang’aa kama sufuria mpya.

“Mama, usiogope, nimeshatengeneza!” Arlette akamkimbilia, mikono imelowa mpaka kwenye viwiko. “Nilikuta imechacha, inanuka mpaka kwa njia! Tungepata haya kwa bageni. Nikaimwanga yote, nikasugua pipa na sabuni ya unga mara tatu. Kasiksi mupya njo hii, nimeleta ya Mboko. Iko muzuri sana.”

Dorothée akashika ukingo wa pipa, akainama, akanusa ndani. Sabuni. Akanusa tena. Maji yakimwagika hayazoleki, na haya hayakuwa maji.

“Nani alikutuma?” akauliza.

Arlette akacheka, akidhani anataniwa. “Si weye, mama? Si weye njo ulikuwa unamuambiaka papa kila mwaka: imechacha, mwanga? Yeye alikataa. Leo mi nimekusikia.”

Dorothée alitaka kumgombeza. Lakini maneno yote yaliyokuwapo alikwisha kuyasema yeye mwenyewe, tena kwa miaka ishirini na mitatu. Alimpangusa binti yake povu shavuni kwa upindo wa kitenge.

Jioni wageni walijaa. Padri akaomba, jina la Casimir likatajwa, kasiksi ya Mboko ikatolewa kwenye pipa. Arlette akamletea mama yake kikombe cha kwanza kwa mikono miwili, na watu wote wakamgeukia.

Dorothée akajaza mdomo. Hakumeza. Akapumua kwa pua, akangoja. Utamu ukaja upesi, ukapita upesi, na nyuma yake sabuni kidogo. Aliendelea kungoja. Watu wakaanza kutazamana, mtu akakohoa, Padri akashusha macho. Arlette akamsogelea, uso umeanza kuingiwa na hofu.

“Mama? Iko namna gani?”

Dorothée akameza.

“Iko tamu,” akasema. “Munywe.”