Jina la Baba Mkwe

...na unga wenyewe huu wa njano, unanata mwikoni kama gundi, ukipumzika kidogo tu unashika madonge, na Maige, balozi wa nyumba kumi, amechagua saa hii hii kusimama mlangoni na karatasi, "Mama Chenge, yule daktari wa utafiti amerudi, yuko Kirumba, anataka kichwa cha bibi," kichwa gani tena, "akishafariki, apasue ubongo aone uzee unaingilia wapi, mumeo amekubali, kasema uandike wewe unayekaa naye," ndiyo, Antoni hodari wa kukubali, hajawahi kufua shuka hata moja la mama yake... uzee unaingilia wapi, si angemuuliza yeye, Paskazia, mkamwana asiye na shahada, unaingilia kwenye viatu vilivyotumbukizwa mtungini, kwenye kuitwa kila asubuhi jina la dada ya bibi aliyekwisha kuzikwa, zahanati haina hata dawa ya malaria lakini chupa ya kutilia ubongo imepatikana... na yule daktari na soksi zake nyeupe, alikalia kigoda hiki hiki, akauliza mia ukitoa saba, kwa mtu ambaye hakuona mlango wa shule, akauliza baba mkwe wake aliitwa nani, bibi akatazama chini, na Paskazia, mkalimani, choroko zikimwungulia jikoni, akamjibia, "Hakumbuki," daktari akaandika sifuri... "Shika kalamu," Maige akasema, "anza hapa, jina la mume wa mgonjwa," na mwiko ukasimama, mume wa mgonjwa, yaani baba yake Antoni, jina ambalo hajalitamka tangu aolewe, miaka kumi na minne, hata makaburini alisema mzee tu, mkamwana wa Kisukuma hamtaji baba mkwe, na kidato cha nne hakikumbadilisha hapo... "Umesahau?" Maige akacheka, "basi daktari atabeba vichwa viwili," na yeye hakucheka, kumbe bibi siku ile jina alikuwa nalo, amelifungia kinywani kwa heshima zake, na yeye, msomi wa nyumba, akampatia sifuri kwa ajili ya choroko... akaikunja karatasi mara nne, akashikia sufuria ya moto, akaipua, "Mwambie kichwa kina mwenyewe, bado anakitumia," akageuza ugali kwenye sinia, Antoni ananawa, watoto, Chenge, Dorotea, Ngosha, na Maige keshajivutia kigoda, nani alimkaribisha, na bibi, sita, akajihesabu na yeye, saba, bibi akamwita kwa jina la yule dada yake marehemu, na Paskazia akaitika.