Neno la Mtego la Bi Oldroyd

Chai ilikuwa imeshapoa, na Bi Thirza Oldroyd hakuwa amegusa hata biskuti. Ng'ambo ya meza, Pickersgill, wakili wa wale walioshtakiwa kuiiba kamusi yake, alikuwa amezilaza kamusi mbili, yake na ya wateja wake, ubavu kwa ubavu.

"Bi Oldroyd, maneno ya Kiingereza cha kale si shamba lako. Kila mtu anayaokota kwenye miswada ileile."

"Siyo yote," alisema Thirza.

Watunga kamusi wana ujanja wao: hupachika neno moja la uongo, wala hawamwambii mtu, hata mume. Mwizi akinakili, hulibeba na hilo, na hapo ndipo hunaswa. Thirza alilipachika lake miaka ishirini nyuma, kati ya maneno arobaini na mbili yenye "wulf" ndani yake, yaani mbwamwitu. Katika msongamano ule nani angelishuku? Alilitunga jikoni kwake, akicheka peke yake. Sasa kicheko kile kilikuwa kinamtokea puani.

Maana pembeni yake alikaa Enid, binti wa kaka yake, aliyemlea tangu ana miaka sita. Enid alikuwa ameandika kitabu kizima juu ya maneno hayo ya mbwamwitu, na Jumatatu chuo kikuu kingekitumia kuamua kama atapewa kazi. Sura ya tatu, tamu kuliko zote, ilihusu neno lile la uongo. Krismasi alimsomea shangazi yake sura hiyo. Thirza alilitambua neno lake, lakini akasema, "Umeandika vizuri, mwanangu." Ulikuwa woga tu, hauna jina jingine.

"Basi litaje," alisema Pickersgill. "Neno moja tu, kisha twende zetu nyumbani."

Garside, mchapishaji wake, alimkanyaga mguu chini ya meza. "Sema bwana, Thirza! Kazi ya maisha yako hiyo!"

Akilitaja, mtoto kwisha. Asipolitaja, kamusi kwisha. Badala ya kumtazama wakili, alijikuta anamtazama Enid.

Enid naye akamtazama, na rangi ikaanza kumtoka usoni. Miaka miwili alizunguka maktaba akiutafuta mswada wenye neno lile, asiuone. Akajilaumu kwa uzembe, akaishia kuiamini kamusi ya shangazi.

Akatoa kitabu chake mkobani, akakifungua sura ya tatu, akakisukuma hadi mbele ya Pickersgill.

"Wulfglom," alisema. "Giza la mbwamwitu. Hili hapa. Halipo popote duniani ila kwake, kwenu, na kwangu mimi mjinga."

Garside alipiga meza kwa furaha. "Tumewapata!"

Thirza alinyoosha mkono amshike, lakini Enid alikuwa ameshasimama, anavaa koti.

"Enid, mwanangu, nilitaka kukwambia..."

"Nilipomaliza kukusomea, shangazi," alisema Enid, "uliniomba nirudie."