Miche ya Wifi

Fundi cherehani alikuwa na miche hamsini ya nyanya nyuma ya nyumba. Kila mmoja aliufunga kwenye kijiti, akaondoa majani ya chini yasiguse udongo, na maji aliyamwaga shinani tu. Ndivyo alivyomfundisha pia wifi yake, dada wa marehemu mumewe, ambaye walitenganishwa na ukuta mmoja tu. Tangu msiba, wawili hao walikuwa chanda na pete.

Mvua kubwa ilipomharibia miche kumi, wifi alikuja na ndoo yenye miche kumi ya kitalu chake.

"Chukua, wifi yangu. Usije ukasema sikukumbuki."

Fundi akacheka, akaipanda katikati ya mingine. Jembe lake lilikuwa limevunjika mpini, kwa hiyo aliomba na la wifi.

Wiki ya tatu ile miche ikanyauka mchana, majani bado ya kijani. Jioni ikainuka, kesho yake ikalala moja kwa moja. Fundi akadhani ni kiu, akazidisha maji. Ugonjwa ukafuata maji, mstari kwa mstari. Akanyunyiza dawa ya ukungu, kazi bure.

Akamwita bwana shamba. Yule bwana akakata shina, akalichovya kwenye glasi ya maji safi. Baada ya dakika chache, kitu cheupe kama maziwa kikaanza kuchuruzika.

"Mnyauko wa bakteria. Hauna dawa, mama. Ng'oa, choma. Hapa usipande nyanya, bilinganya wala pilipili kwa miaka kadhaa. Weka mahindi. Miche uliipata wapi?"

"Kwa wifi, hapo ng'ambo."

Bwana shamba akaweka glasi chini taratibu.

"Kwake nilifika kabla ya mvua. Nilimwonyesha hivi hivi. Nikamwambia asimpe mtu hata jani, na jembe alisafishe kwa dawa."

Fundi alimkuta wifi barazani anachambua mchele.

"Ulijua?"

Wifi hakuinua uso. "Nilijua."

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Kila anayepita anasifu nyanya zako. Mimi nilifuata yote uliyonifundisha, zangu zikafa. Sikutaka kuonekana mjinga peke yangu."

"Na jembe?"

"Jembe uliliomba mwenyewe."

Neno hilo ndilo lililomkata maini. Alirudi nyumbani, akang'oa miche yote hamsini, mingine ikiwa na matunda mabichi. Wifi alitokea mlangoni, amefunga kanga kiunoni, tayari kusaidia.

"Rudi kwako," Fundi alimwambia. "Hapa umeshamaliza kazi."

Akachoma peke yake, akilia, na hakujisumbua kusingizia moshi.

Msimu uliofuata alipanda mahindi pale, na nyanya sita kwenye ndoo zenye udongo wa kununua. Zilizaa vizuri. Alipokutana na wifi dukani, alimsalimia, akaulizia watoto, akalipia chumvi yake, akaondoka. Neno "wifi yangu" halikumtoka tena.