Masahihisho ya Papa

Delphine alishuka bandarini Makiso akiwa amembeba mwanawe Osée mgongoni, kafungwa kitenge kama mtoto aliyelala. Wachuuzi walimpisha. Mimi nilikuwa nimekuja kununua samaki; nilitazama shingo ya mtoto tu, nikajua. Kazi ya uuguzi hukufundisha mambo ambayo ungependa usiyajue. Osée alikuwa amekata roho njiani, mashua ikiwa bado haijauona mji.

Delphine, mdogo wangu, aliolewa Yanonge na Yannick, mvuvi. Kule sauti ya simu haipiti, ujumbe wa maandishi ndio hupenya. Ndiyo maana tulikuwa na kundi letu la familia kwenye WhatsApp, na ndani yake papa Léopold, baba yetu, mwalimu mstaafu, alitawala. Ukituma salamu, anakurudishia zimesahihishwa, mbele ya mashemeji na wajukuu. Alisema mitandao imeua lugha. Ni kweli watu wanaandika ovyo, hata mimi hunikera. Lakini Delphine hakuharibiwa na mtandao wowote. Papa mwenyewe ndiye aliyemtoa shule akiwa darasa la nne ili kaka zetu waendelee, kisha akamcheka kwa kutojua kuandika. Hilo linaniuma mpaka leo.

Mara ya mwisho Delphine alituandikia kwamba Osée ameota meno. Papa alisahihisha kila neno, akamalizia: "Soma tena kabla ya kutuma." Hakuna aliyempongeza mtoto. Tangu hapo Delphine akanyamaza.

Homa ilipompata Osée, Yannick alikuwa mbali, kwenye kambi ya wavuvi. Neno moja tu lingetosha, ningemwambia apande mashua siku ileile. Hakuniandikia hata mimi peke yangu. Aibu ikishamwingia mtu haichagui wa kumwonea haya. Alipoamua kuja mwenyewe, mtoto alikuwa ameshalegea.

Matanga yalikuwa kwetu. Msalaba wa mbao, uliopakwa rangi nyeupe, uliegemezwa ukutani ukingoja jina. Papa alivuta kiti karibu na Delphine.

"Juu ya nini haukuandika, mwanangu?"

"Nilikuwa nangojea Yannick arudie, papa. Yeye anaandikaka muzuri."

Wanawake waliokuwa wakiimba wakapunguza sauti, maana kila mmoja alikuwa kwenye kundi lile na alikuwa ameyasoma masahihisho ya papa.

Seremala akaleta kopo la rangi nyeusi, akauliza nani ataandika. Nyumbani mwetu jina la mtoto huandikwa na mzazi wake, na Yannick alikuwa bado hajafika. Macho yote yakamgeukia Delphine. Alipokea brashi, akaitazama kidogo, kisha akaiweka kwenye kiganja cha papa na kuvifunga vidole vya mzee juu yake, taratibu, bila hasira.

"Andika weye, papa. Ni weye unajuaka."

Papa alichovya, akainua mkono. Rangi ikamdondokea kwenye suruali, na msalaba ukabaki mweupe. Mwishowe niliandika mimi.