Maji ya Tarishi

Mwaka wa tisini na nne, kabla boma la zamani la mkoloni halijakodishwa kwa tajiri wa nyumba ya wageni, wananchi tulifunguliwa milango siku moja tujionee. Nilitoka Mungaa na mjukuu wangu Scola na wenzake wa darasa la tano. Njia nzima Scola alijigamba kwamba baba yangu, Mughwai, alikuwa tarishi humo, mwenye kofia nyekundu. Hayo nilimsimulia mimi. Sikumwambia kwamba ndiye aliyeshika kiboko cha kuchapia wafungwa. Nilikwenda nikiomba asitokee mtu wa kumwambia mbele ya watu.

Kwenye ngazi dada mmoja alinishika kiwiko bila kuombwa. Ndani, mzee Melkizedeki wa Mtinko ndiye aliyekuwa akiwaeleza wageni, maana alipata kufungwa humo ujanani.

"Chokaa wamepaka jana," alisema. "Enzi zetu kungekuwa kweupe hivi, ningeomba niongezewe siku."

Watu wakacheka. Akatupeleka uani, kwenye jiwe pana.

"Hapa tulilazwa kifudifudi. Kosa ni kutolipa kodi, au kukwepa shamba la chifu. Ukishachapwa unasimama, unasema ahsante. Usiposema, unalala tena."

"Babu, baba yake bibi alifanya kazi hapa!" Scola akapaza sauti. "Alikuwa tarishi!"

"Nani huyo?"

Wote wakanigeukia. Ningeweza kutaja jina lolote.

"Mughwai," nikasema.

Mzee aliinama, akaokota kijiti juu ya jiwe, akakitupa mbali.

"Namkumbuka," akamwambia Scola. "Alikuwa akituletea maji."

Scola akawatazama wenzake mmoja mmoja, shingo juu.

Wengine walipoingia chumba cha mahakama, mimi nilibaki na mzee.

"Shikamoo, kaka. Baba yangu hakuleta maji."

"Marahaba. Najua. Hata tone." Akajifuta uso kwa kiganja. "Sasa nimwaibishe mtoto mbele ya wenzake? Mimi na yeye tuna ugomvi gani? Mtoto huyo ni wako, dada. Mwambie mwenyewe."

Akaanza kuwafuata wageni wake, polepole, akishika ukuta.

Scola akarudi mbio. "Bibi, maji aliyaleta kwenye nini? Ndoo au kibuyu?"

Kusema kibuyu kungekuwa rahisi. Nikamketisha kizingitini, nikamshika mkono, nikamwambia hapakuwa na maji. Nikamwambia nani alishika kiboko.

"Mbona babu kasema..."

"Alikuonea huruma."

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua."

Akautoa mkono wake taratibu. Akaenda kusimama mbele ya lile jiwe, amenipa mgongo. Wenzake walimwita mara mbili waende nyumbani, hakuitika. Mimi sikumwita. Nilikaa pale kizingitini, nikamngoja.