Kirusi cha Marehemu

Nesi alifunga mlango kwanza, ndipo akavuta kiti karibu, na hapo hapo msusi akajua kuwa majibu yake si kama ya wenzake waliotoka wakicheka.

Jina alilopewa na mama yake lilikuwa halitumiki tena. Mtaa mzima ulimwita Vidole kwa namna alivyosuka: ukikaa kwenye kiti chake, umbea wa kwanza haujaisha na nusu ya kichwa iko tayari. Mumewe, mchora mabango, alianguka kutoka kwenye ngazi akiwa kazini na hakuamka tena. Miaka ilipita. Sasa Vidole alikuwa amechumbiwa na fundi wa mafriji, mtu mpole mwenye mabega mapana, na pete ilikuwa bado inambana kidoleni.

Hapo awali zahanati hakwenda kwa ugonjwa. Alimsindikiza mteja wake aliyeogopa kwenda kupimwa mlango wa kizazi peke yake, nesi akamtania, "Na wewe dada, umekuja kushika mkoba tu?" Akapewa kijiti chenye pamba, akaingia nyuma ya pazia, akajipima, akasahau. Mpaka simu ilipoita.

"Umekutwa na kirusi kinachoitwa HPV," nesi alisema. "Sikiliza vizuri kabla hujalia. Si saratani. Kina aina nyingi, na watu wazima walio wengi hukipata wakati fulani wa maisha yao, wanaume kwa wanawake, kwa kukutana kimwili tu. Mara nyingi hakiumi wala hakiwashi, na mwili hukiondoa wenyewe. Ila wewe una aina ile ambayo ikikaa sana inaweza kuleta saratani. Ndiyo maana tutakuchunguza, na kama kuna mahali pameanza kubadilika, tutapatibu."

"Hapo mmekosea," Vidole akasema. "Mimi ni mjane. Tangu mume wangu afariki hakuna mwanamume aliyenigusa."

"Hatujakosea. Kinaweza kulala miaka mingi."

"Kinalala?"

"Kinalala kimya. Halafu siku moja kinaonekana."

Vidole alitoka na tarehe ya kurudi, lakini masikio yake yalibaki kwenye neno lile moja.

Njia ya kurudi saluni ilipita katikati ya maduka, na nusu ya maduka yale yaliandikwa na marehemu. Herufi zake zilikuwa na mikia iliyopinda, hakuna mchoraji mwingine aliyeipinda vile. Kwa miaka yote Vidole alikuwa anazipita kama anavyopita ukuta. Siku ile zilionekana mbichi. Aliona rangi inang'aa kana kwamba mtu ametoka kushuka ngazini sasa hivi. Mtu yuko kaburini, na mkono wake bado unatangaza NYAMA SAFI. Vidole akaongeza mwendo.

Saluni ilikuwa imejaa. Alichukua kitana, akashika kichwa cha kwanza, kisha akainua macho kwenye kioo. Nyuma yake walipangana wanawake: mwalimu mkuu chini ya drayeri, bi harusi mtarajiwa na mama yake, muuza dawa aliyekuja na magazeti yake. Watu wazima walio wengi, nesi alisema. Vidole akawatazama mmoja mmoja kwenye kioo, na kila aliyemtazama naye alimtazama, akatabasamu. Ilikuwa kama wote wanajua jambo ambalo yeye ndiye wa mwisho kuambiwa.

"Eh, Vidole," mama wa bi harusi akacheka, "leo vidole vimelala?"

Kitana kikamponyoka.

Nyumbani alikaa na wifi yake, dada wa marehemu, mwanamke ambaye hakuwahi kuolewa na aliyemlilia kaka yake mpaka sauti ikabadilika. Jua lilikuwa halijazama Vidole alipoingia sebuleni na kukutana na harufu ya tapentaini, dawa ya kuyeyushia rangi. Si harufu kuukuu ya nguo zilizokunjwa. Ilikuwa kali, ya kuchoma pua, ile aliyokuwa anarudi nayo mumewe kila jioni.

"Wifi, unasikia?"

Wifi hakugeuka. Alikuwa anachambua mchele. "Nasikia tangu ulipokubali pete. Nilidhani wewe husikii."

Vidole akakaa, akamweleza yote, kirusi, kulala kwake, miaka mingi. Alitegemea apewe pole. Wifi aliweka ungo chini taratibu.

"Basi ni chake," akasema. "Kaka hajaondoka, wifi. Amekaa ndani yako. Mtu mwenye mume mwilini anaolewaje tena?"

Kuanzia hapo Vidole hakuwa na raha na mwili wake mwenyewe. Alioga haraka bila kujitazama. Akigusa tumbo, alihisi ameweka mkono juu ya mlango wa chumba chenye mtu. Harufu ilikuja na kuondoka. Akamtumia fundi ujumbe kwamba asije kwanza, ana mambo.

Fundi alikuja. Aliingia saluni mchana wateja walipopungua, akakaa kwenye kiti cha wateja na ovaroli lake, wakawa wanaongea kupitia kioo, yeye amekaa, Vidole amesimama nyuma yake.

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea." Akamwambia habari ya kirusi.

Fundi akajikuna kidevu. "Mimi nilikuwa na mke, tukaachana. Kabla yake nilikuwa kijana kama vijana wengine, sitakudanganya. Sasa mimi ninacho au sina?"

"Kapime."

"Nitakwenda leo hii."

Akaenda, akarudi kabla gundi ya kope za mteja aliyefuata haijakauka. Safari hii alikaa mzito. "Nesi anasema wanaume hatuna kipimo cha namna ile. Huenda ninacho sasa hivi, hapa nilipokaa. Huenda nilikuwa nacho kikaenda zake. Hakuna wa kuniambia."

Alijitazama kwenye kioo kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta ufa kwenye kopo. Vidole naye akamtazama. Nyuso mbili, na hakuna kitu cha kuona.

"Basi tuko sawa," fundi akasema hatimaye. "Mimi siachi mtu kwa jambo ambalo huenda nami ninalo."

Siku iliyofuata umeme ulikatika, Vidole akafunga saluni mapema. Alipofungua mlango wa nyumba, tapentaini ilimpiga usoni. Ilitoka stoo. Mlango wa stoo, uliokuwa umefungwa tangu msiba, ulikuwa wazi kidogo, na ndani kitu kilikuwa kinapumua.

Alitaka kukimbia. Badala yake mkono wake ukasukuma mlango.

Makopo ya rangi yalikuwa yamepangwa kama marehemu alivyoyaacha, ila moja lilikuwa limefunguliwa, na brashi juu yake ilikuwa imelowa. Nyuma ya mlango, juu ya ndoo iliyopinduliwa, alikaa wifi yake amefumba macho, kitambaa cha kazi cha marehemu amekikandamiza puani.

"Wewe!" Vidole akapiga kelele.

Wifi aliruka, kisha akaanza kulia bila sauti. "Nilitaka kumnusa tu. Ukiolewa utaondoka. Nitabaki na nani humu?"

Hasira ilipanda, ikakosa pa kwenda. Vidole akakaa sakafuni karibu na ndoo.

"Ulinitisha kwa maiti, wifi."

"Nisamehe."

"Sikiliza nikwambie. Kabla ya kaka yako palikuwa na mwingine. Kinyozi mmoja, nilikuwa msichana. Leo hata sura yake siikumbuki. Huenda hiki ni chake. Huenda ni cha kaka yako. Nesi anasema kinalala miaka mingi, basi hakuna njia ya kujua."

Alipoyasema hayo mwenyewe akasisimka. Marehemu angalau alikuwa na uso. Yule mwingine alikuwa kivuli tu, na huenda ndiye aliyeishi ndani yake siku zote.

Wifi alijifuta kwa kitambaa kile kile, rangi ikambaki shavuni. "Mimi sijawahi kupima," akasema polepole.

Tarehe ya Vidole ya kurudi ilipofika, walikwenda pamoja. Benchi la zahanati lilikuwa limejaa, maongezi ya kawaida, bei ya sabuni, mvua. Wifi alichukuliwa kupimwa. Kisha nesi akachungulia. "Wale wa kurudia, chumba cha mwisho."

Vidole alisimama. Na benchi likasimama naye. Mwalimu mkuu, muuza dawa, mama wa bi harusi, wengine asiowajua, karibu benchi zima. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Walitembea kwenye ukumbi mrefu kimya, ndala zikiburuzika, kama watu walioitwa na sauti moja.

Ndani, zamu yake ilipofika, nesi alimpaka siki kwenye mlango wa kizazi, akaangalia kwa taa, akaona kidoa cheupe. Akakichoma kwa kifaa cha joto. Kiliuma kama hedhi mbaya, kisha basi.

Majibu ya wifi yalikuja baadaye. Alisimama mlangoni pa chumba cha Vidole, uso umemwiva kwa aibu. "Ninacho," akasema. "Usiniulize. Alikuwepo mmoja, zamani." Vidole hakuuliza, wala habari ya marehemu kukaa mwilini haikutajwa tena. Harusi ilifanyika bila makuu, na wifi akahamia nao, kwa sababu fundi alisema nyumba yake ina chumba cha ziada.

Mwaka ulipozunguka, Vidole alirudi kupimwa. Nesi alisoma majibu, akamwonyesha dole gumba. "Hakionekani."

"Kimekwenda wapi?"

Nesi alikuwa ananawa mikono. Alifunga bomba, akavuta taulo. "Mara nyingi mwili hukishinda. Zaidi ya hapo, hata mimi sijui," akasema, kisha akamwita anayefuata.

Nje fundi alimpokea mkoba. Ilikuwa saa ya watu kutoka kazini, na njia ilifurika. Walipita katikati yao, bega kwa bega na watu wasiowajua, na Vidole alipogundua kuwa ameacha kuwachunguza nyuso, walikuwa wameshafika nyumbani.